Mwalimu Aliyechoka na Ng'ombe wa Miguu Minne

Mwalimu alikuwa anaogopa vitu viwili: ukungu wa kwetu na ng'ombe mwenye miguu minne.

Ukungu alipambana nao kwa kuvaa masweta mawili, moja juu ya lingine, na kofia ya sufu iliyofunika masikio, hata mwezi wa pili ambapo sisi wenyeji wa huku juu tunatembea na kanga nyepesi. Ng'ombe hakuwa na vazi la kumkinga. Alikutana naye kila wiki kwenye madaftari ya darasa la nne. "Ng'ombe ni mnyama afugwaye nyumbani. Ana miguu minne. Ana mkia mmoja. Hutupatia maziwa na nyama. Ng'ombe ana faida nyingi. Nampenda sana ng'ombe." Darasa zima liliandika hivyo. Waliowatangulia waliandika hivyo. Mimi mwenyewe, kabla sijaacha shule, niliandika hivyohivyo na nikapata vema.

"Mama Mwenye Nyumba," aliniambia jioni moja, ameketi barazani na rundo la madaftari mapajani, "leo nimesoma ng'ombe wa darasa zima. Wote wana mkia mmoja. Hakuna hata mmoja anayepiga teke? Hakuna aliyekula kanga ya mtu? Hawa ni ng'ombe au ni viti?"

Mama Mwenye Nyumba nilikuwa mimi, na wakati huo sikuwa mama wa mtu wala sikuwa na umri wa kuitwa hivyo. Wazazi wetu walifariki wakatuacha watatu: mimi, mdogo wangu Eliamani, na kitinda mimba Nakijwa. Niliacha shule ili hao wawili wasiache. Chumba cha mbele, kilichokuwa cha wazazi, nikakipangisha, na mpangaji wa kwanza kubisha hodi akawa Mwalimu, na begi lake moja na sweta la kwanza. La pili alilinunua kesho yake. Aliniamkia kwa kuniita Mama Mwenye Nyumba bila kutabasamu, na kijiji kizima kikalidaka jina hilo. Hadi leo kuna watu wazima huku mlimani wasiojua jina langu la ubatizo.

Alikuwa mtu wa Lembeni, huko chini tambarare, na kila hadithi yake ilianza na "kwetu Lembeni." Kwetu Lembeni jua linakaanga yai juu ya reli, unachohitaji ni chumvi tu. Kwetu Lembeni kulikuwa na beberu aliyejua saa ya treni kuliko bwana stesheni. Kwetu Lembeni watu hawagombani mchana, kwa sababu hasira inakauka kabla haijafika mdomoni. Watoto walimzunguka wakamsikiliza hadi uji ukapoa. Eliamani alimuuliza siku moja, "Mwalimu, huyo beberu umemwona kwa macho yako?" Mwalimu akamjibu, "Kijana, mimi hapa naongea. Siandiki."

Hapo ndipo palikuwa na ajabu yake. Mdomoni alikuwa muongo asiye na breki. Kwenye daftari la mtoto hakuruhusu uongo hata wa punje. Mtoto akiandika "mti mkubwa," Mwalimu alimwita: mkubwa kama nini? Uko wapi? Ukiukumbatia, mikono inakutana? Mtoto hajui? Basi arudi akaukumbatie. Nimeona kwa macho yangu mtoto wa watu amekumbatia mgravilea kando ya njia huku machozi yanamtoka na wenzake wanamcheka, na kesho yake akaandika kwamba mti ule una sisimizi.

Kusahihisha kwake kulikuwa na maneno ya aina mbili tu, yameandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni. Pale alipopenda aliandika "Nimeona." Pale asipopenda aliandika "Sijaona." Mzazi mmoja alikuja kulalamika: mtoto wake ameandika ukurasa mzima kwa mwandiko safi, kwa nini mwalimu anasema hajauona? Mwalimu akamjibu kwamba ukurasa ameuona, kilichomo ndani hakijatokeza.

Mwandiko wake mwenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa wa kutia huruma. Ubaoni alimpa kijana mwenye mkono mzuri amwandikie, yeye akiwa amesimama nyuma anaelekeza. "Mwandiko ni nguo," alikuwa anasema. "Kwanza pateni mwili, nguo tutashona." Na ripoti zake kwa mwalimu mkuu zilikuwa fupi za kukera. Aliwapeleka watoto mtoni asubuhi nzima kutazama maji yanavyopita kwenye mawe, na alipotakiwa kuandika taarifa ya safari hiyo aliandika: "Wote wamerudi." Mwalimu mkuu alimwita ofisini amweleze zaidi. Akaeleza zaidi: "Wamerudi wakiwa wamelowa."

Kupeleka watoto kutazama vitu ndiko kulikomletea ugomvi na kijiji. Mchana mmoja bibi jirani yetu alifika barazani ameshika mwiko bado una mvuke.

"Mwalimu, mwanafunzi wako amekaa jikoni kwangu tangu alipotoka shule, ananitazama napika makande. Nikamuuliza, una njaa mjukuu wangu? Anasema hapana bibi, nakutazama tu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nakuambia ananitazama!"

"Anatazama vizuri?"

"Ameniambia eti nikikoroga natoa ulimi nje."

"Na unatoa?"

Bibi aliutazama mwiko wake. "Marehemu mzee naye alikuwa anasema hivyo," alisema, na akaondoka taratibu. Kuanzia siku hiyo alikuwa anakoroga akiwa ameupa mlango mgongo.

Siku ya ng'ombe mwenyewe ndiyo inayosimuliwa zaidi. Mwalimu alisema amechoka na ng'ombe wa kukariri, darasa zima litakwenda kumtazama ng'ombe aliye hai, wa jirani wa chini kidogo ya shule. Watoto wakapanga mstari kwenye zizi. Mwalimu akasimama mbele, karibu mno, kwa sababu huko kwao tambarare wanafuga mbuzi na hakuwa anajua ng'ombe wetu wa zizini wanavyopenda chumvi ya jasho. Yule ng'ombe alinyoosha shingo akalamba sweta la juu. Mwalimu akarudi nyuma. Ng'ombe akaling'ang'ania kwa meno, sufu ikavutika, na Mwalimu akajikuta juu ya ukuta wa mawe akiwa na mkono mmoja wa sweta mrefu kuliko mwingine.

Jioni hiyo alikuwa barazani anasahihisha, anacheka peke yake hadi chai inamwagika. Ni wawili watatu tu waliotaja miguu minne. Kwa wengine kulikuwa na ulimi wa rangi ya majivu, pua iliyolowa kama jiwe la mtoni, pumzi iliyonuka majani mabichi. Aliandika "Nimeona" kwenye kila daftari la hao ila moja tu, la mtoto aliyesema Mwalimu alilia. Pale aliandika maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuandika pale shuleni: "Sikulia. Macho yalitoa maji kwa sababu ya baridi. Tazama tena."

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali, na akikasirika alinuna siku nzima, na akinuna alikuwa anapiga mluzi wimbo mmoja usioisha hadi Eliamani akahamia jikoni. Hakujua kuosha sufuria. Wakati wa mfungo wake wa Ramadhani majirani Walutheri walimletea uji na viazi jioni, kila nyumba kwa zamu yake, naye akapokea vyote, akavila vyote, kisha usiku kucha akawa analalamika tumbo kama vile tumemtilia sumu. Krismasi alikaribishwa nyumba nyingi kuliko mchungaji, na aliporudi aliziorodhesha nyumba hizo kwa utamu wa wali, kwa sauti, barazani, hadi nikamwomba anyamaze kabla hajatugombanisha na kijiji. Na si kila mtoto alimfaa. Kulikuwa na kijana mmoja aliyetazama, akakumbatia, akalowa mtoni pamoja na wenzake, na bado ng'ombe wake aliendelea kuwa na faida nyingi hadi darasa la saba. "Huyu amenishinda," Mwalimu alikubali. "Huyu atakuwa diwani."

Lakini mimi nilikuwa na shida yangu, na shida hiyo ilikuwa Nakijwa.

Tulipowazika wazazi, ukoo ulikaa. Baba yetu mdogo, anayelima mpunga Kihurio, alisema kitinda mimba aende kwake. Si mtu mbaya. Watoto wake wameshakua, mkewe ni mpole, kazi ya mtoto ingekuwa kuwinga ndege shambani mpunga ukikaribia kuiva. Aliona ananipunguzia mzigo. Mimi nilikataa, nikasema tutakaa wote watatu. Wazee wakavutana wee, mwishowe wakaamua: Nakijwa abaki na mimi maadamu anapanda darasa na wenzake. Akirudishwa darasa, basi ni dalili kwamba nimeshindwa, na baba mdogo atamchukua. Mtihani wa kwanza wa kumrudisha mtoto darasa ni wa darasa la nne, na Nakijwa alikuwa la nne. Hesabu alikuwa anaweza. Kusoma alikuwa anaweza. Walimu waliniambia wazi kwamba kuandika ndiko kunakomvuta chini.

Baba mdogo alikuwa anapiga simu. Ili kumsikia ilibidi nipande kwenye jiwe la juu ya shamba la tangawizi, ndiko kwenye mtandao.

"Vipi mtoto? Anaandika?"

"Anaandika, baba."

"Anaandika nini?"

Nilishindwa kumdanganya. "Ng'ombe."

"Tena?"

Ajabu ni kwamba nyumbani Nakijwa hakunyamaza. Alimwigiza mchungaji anavyotafuta miwani iliyo usoni kwake. Alimwigiza mwenyekiti wa kitongoji anavyokohoa kabla ya kuomba mchango. Alimwigiza Mwalimu juu ya ukuta wa mawe, Mwalimu mwenyewe akiwepo, hadi nikaficha uso kwa aibu. Mpe kalamu sasa: anakunja mabega, analamba mdomo, anaandika "Ng'ombe ni mnyama," na maneno yote yanakimbia kama kuku walioona mwewe.

Jioni moja niko barazani namenya viazi, Mwalimu akamwita.

"Nakijwa, njoo unisaidie. Nataka kuandika habari ya kuku wenu alivyofukuzwa leo na mbwa wa jirani. Mimi sikuwepo. Wewe sema, mimi naandika."

Nakijwa akasimulia, mikono inaruka. Mwalimu akaandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa huruma, halafu akasoma: "Kuku alitembea."

"Sijasema alitembea!"

"Hukusema?"

"Nimesema alikimbia huku anageuka nyuma, kama mtu aliyeiba sokoni!"

"Ahaa." Akaandika. Akasoma: "Kuku alikimbia. Kuku ana faida nyingi."

"Mwalimu! Faida zinatoka wapi? Mbwa yuko nyuma yake!"

"Mimi hiki ndicho ninachokijua kuhusu kuku."

"Andika kwamba aliacha manyoya mlangoni. Andika dada alirusha mwiko ukampata Eliamani."

Mwalimu akaanza kuandika herufi moja, akapumzika. Akaandika nyingine, akajinyoosha vidole. Akauliza mwiko unaandikwaje. Nakijwa alikuwa anahema. "Mkono umechoka," Mwalimu akasema. "Na huku kwenu baridi. Tutamalizia mwakani."

Nakijwa akamnyang'anya kalamu. Akaandika hadi kiza kikaingia, akiwa amepiga magoti, daftari juu ya kiti, ananong'ona. Mwalimu aliendelea kujinyoosha vidole akitazama milima kama mtu asiyehusika. Mimi nilimenya viazi vyote vya kesho yake bila kujua.

Walifanya hivyo jioni nyingi. Mwalimu alikuwa akiandika vibaya kwa makusudi, na Nakijwa alikuwa akimwokoa. Kisha Nakijwa akaanza kuandika kabla hajaulizwa, akawa anaficha daftari nikipita, na mimi nikaanza kuwa na wasiwasi wa aina nyingine.

Hapo ukaja msaragambo. Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kwetu Upareni. Bwawa la maji ya kumwagilia likijaa tope, au mvua ikibeba barabara, pembe inapulizwa asubuhi na kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Huulizi kazi gani, utaikuta hukohuko. Nyumba isiyotoa mtu inachukuliwa kuku.

Mwalimu alikuwa ameita mkutano wa wazazi mara nyingi ili wasikie watoto wao wanaandika nini. Walikuja wanawake wachache na mzee mmoja aliyekosea mlango wa zahanati. Basi akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akasema anaomba pembe, kuna kazi ya shule inayotaka watu wengi. Mwenyekiti akadhani ni shimo la choo. Akaitikia.

Pembe ikalia. Kijiji kizima kikapanda shuleni na majembe, makarai, mitaimbo, mapanga. Baba mdogo alikuwa amefika kwetu siku iliyotangulia, kuja kujua moja. Aliposikia pembe hakutaka niende mimi mwanamke na yeye mwanamume yupo, akachukua jembe langu akatangulia. Mimi nikafuata hata hivyo.

Mlangoni Mwalimu alikuwa anapokea zana na kuziegemeza ukutani. Ndani, madawati ya nyuma yalikuwa wazi, na darasa la nne wamekaa mbele wakitutazama.

"Shimo liko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna shimo. Kazi ya leo ni kusikiliza."

"Mwalimu, kusikiliza si kazi."

"Mbona kwenye mikutano huwa inawashinda?"

Watu wakacheka, na waliocheka hawawezi tena kuondoka kwa hasira. Halafu kulikuwa na ile faini ya kuku, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Wanaume wazima wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio.

Kila mtoto alisoma alichoandika kuhusu kitu cha pale kijijini, na Mwalimu aliweka sharti moja: mtu mzima akisikia jambo ambalo sivyo lilivyo, anyooshe mkono. Mtoto mmoja akasoma habari ya njia ya kisimani, mzee akanyoosha mkono: hapo penye kona si mgomba, ni mparachichi. Mwingine akamkatalia: mparachichi ulikatwa. Ukakatwa lini? Ulikatwa na nani? Wakabishana hadi mtoto akasema, "Kuna kisiki, na juu yake kuna mgomba ulioegemea," wote wakatulia. Akafuta, akaandika. Kuanzia hapo kazi ikachanganya kama ile ya kutoa tope bwawani, mmoja anachimba na mwingine anapokea. Yule bibi wa makande alisikia habari zake akasema kwa sauti, "Ni kweli, ninautoa," akapigiwa makofi.

Kisha Mwalimu akaita, "Nakijwa."

Akasimama. Sikujua atasoma nini. Baba mdogo alikuwa amekaa dawati la mbele yangu, nikawa naona shingo yake.

"Baba yangu mdogo anatoka Kihurio," Nakijwa akasoma. Ile shingo ikanyooka. "Akifika kwetu huvua viatu kabla hajakaribishwa. Soksi zake moja ni ya kahawia, na nyingine ilikuwa ya kahawia. Anakaa kwenye kiti cha marehemu baba, lakini hakai chote, anakaa ukingoni kama mtu anayesubiri basi. Akitaka kusema habari ya kunichukua, kwanza anasifia chai. Akianza kusifia chai, dada anakoroga sufuria hata kama haina kitu."

Darasa likalipuka. Mwenyekiti alikuwa anapiga dawati kwa kiganja. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nakijwa akasubiri kelele zipungue, kama alivyomwona mchungaji anafanya, akaendelea.

"Akisema 'huyu mtoto,' anatazama juu ya kichwa changu. Hajawahi kuniuliza mimi. Angeniuliza, ningemwambia kwamba ndege siwaogopi. Ninaogopa kulala kwenye nyumba ambayo sijui mlango wake unavyolia. Mlango wetu unalia mara moja dada akitoka alfajiri, na mara moja akirudi. Nikisikia wa pili ndipo naamka."

Mtu wa nyuma akapenga kamasi.

"Kuna mwenye pingamizi?" Mwalimu akauliza, taratibu sana.

Baba mdogo akasimama, dawati likasimama naye, akalitoa magotini.

"Mimi."

"Sema, mzee."

"Soksi zote mbili ni za kahawia."

"Vua viatu tuone!" mwenyekiti akasema.

"Hapa mbele za watu?"

"Mtoto kasema, wewe umekataa. Vua!"

Akavua. Watu wa nyuma wakapanda juu ya madawati ili waone. Baba mdogo akaitazama miguu yake muda mrefu, kwanza mmoja, halafu mwingine, kama mtu anayekutana nayo kwa mara ya kwanza. Kisha akainua uso, na safari hii hakutazama juu ya kichwa cha Nakijwa.

"Sina pingamizi," akasema. Akakaa.

Alirudi nyumbani nyuma yetu amebeba jembe. Nilimwekea chai, akanywa yote bila kuisifia. Akamwita Nakijwa. "Unataka kubaki hapa?" "Ndiyo, baba." "Haya." Basi. Kesho yake aliteremka Kihurio, na nikasikia baadaye kwamba huko anajigamba: kwenye ukoo mzima ni yeye peke yake aliyeandikwa. Ila alisema sharti la wazee liko palepale, mtihani ni mtihani, na mimi nikaishi wiki zile nikiwa sina usingizi.

Siku Nakijwa alipotoka kwenye mtihani Mwalimu alikuwa anamsubiri kwenye geti, ameshika kofia mkononi kwa hofu, masikio wazi kwenye baridi.

"Wameuliza nini?"

"Tuandike habari ya mnyama afugwaye nyumbani."

Mwalimu akajishika kichwa. "Mungu wangu. Umeandika nani?"

"Mbuzi."

"Ana miguu mingapi?"

"Sikuhesabu, Mwalimu. Alikuwa anakimbia."

Alipanda darasa la tano na wenzake. Mwaka uliofuata Mwalimu akapata uhamisho wa kurudi tambarare, aliouomba mwenyewe kwa ajili ya kifua chake. Siku ya kuondoka hakupenda kuagwa. Alikunywa uji, akasema kwetu Lembeni watu wakiagana wanapungukiwa maji mwilini, akashika begi lake akateremka. Chumba cha mbele nilikaa muda kabla sijakipangisha tena.

Mara ya mwisho nilimwona Same mjini, mwezi wa saba uliopita, kwenye stendi. Nilikuwa nimeteremka na Nakijwa. Amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mbali, upande wa Iringa. Godoro nilikuwa nimelibeba mimi, sanduku amelibeba yeye. Mwalimu alikuwa amestaafu, amekuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Alikuwa amepungua, na Nakijwa sasa alimpita urefu.

"Shikamoo, Mwalimu," Nakijwa akasema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba. Hee! Huyu ndiye?"

"Ndiye," nikasema.

Nikasubiri wazungumze. Wote wawili, kwa jinsi ninavyowajua, wangeweza kuizuia barabara ya Arusha kwa maneno. Nakijwa alitazama viatu vyake vipya. Mwalimu alisoma maelezo ya dawa ya minyoo. Mwishowe akamnunulia soda, Nakijwa akanywa yote haraka akasema asante, na basi likaingia.

Tukapandisha godoro. Kondakta akasema lisukumwe, likasukumwa. Nakijwa akanikumbatia akiwa tayari ameshika mlango, akasema, "Dada, usinipigie kila siku," halafu akasema, "Nipigie kesho." Basi likatoka. Nilimtafuta dirishani, lakini alikuwa amekaa upande wa pili.

Miaka yote ile nilipigana asishuke mlima kwenda kukaa kwenye nyumba ya watu, na sasa nimemteremsha mwenyewe. Eliamani yuko hapohapo Same, gereji, ana mke wake. Nilikuwa na gari la Noah la mchana la kunirudisha juu, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kuniuliza nimechelewa wapi. Nilidhani Mwalimu atasema neno. Alisimama karibu yangu, ameshika ule mfuko wake wa dawa, hadi vumbi la basi likaisha.

"Umekula?" akaniuliza.

"Asubuhi."

"Asubuhi ipi? Twende."

Alinipeleka kwa mama ntilie mmoja nyuma ya stendi, akaagiza wali nyama mbili. Sahani zikaja. Nikachukua kijiko, nikazitenga nyama mbili kubwa pembeni, nikafunika na wali zisipoe, nikaanza kula mchuzi. Ndivyo nilivyokula tangu nikiwa msichana. Mwalimu alikuwa ananitazama. Nikamfuata macho hadi kwenye sahani yangu, ndipo na mimi nikaona nilichofanya.

"Mama Mwenye Nyumba," akasema, "hizo unamwekea nani?"

Nikaondoa wali juu ya zile nyama.

"Kula. Sahani yote ni yako."

Nikala. Nyama moja ilikuwa laini, na nyingine ilikuwa ngumu ikanichukua muda, na Mwalimu akanisubiri hadi nilipoimaliza.